Manjano, chai ya kijani na saratani ya mapafu: ni sukuni gani hiyo inayofutwa?

 

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mno, hata nimeona bora nilijibu kwa maandishi, kwa urefu, mara moja. Linakuja kwa sura mbalimbali lakini kiini chake ni kimoja: "Ati wazungu wenyewe wamegundua kwamba manjano yanatibu saratani ya mapafu kwa kuzigeuza jeni. Kweli au uongo?" Mara nyingi anayeuliza si mdadisi tu. Ana mgonjwa nyumbani, na chupa ya vidonge ameshainunua. Sasa anatafuta mtu mwenye shahada wa kumwambia asiwe na wasiwasi.

Jibu fupi ni hili: ndani ya kibakuli cha maabara, ni kweli. Ndani ya mgonjwa, haijathibitika hata mara moja. Jibu refu ndilo hili ninaloandika, na mwenye haraka anaweza kuruka hadi aya za mwisho, sitakasirika.

Mahali penyewe ninapoandikia panachekesha kidogo. Hiki ni kitongoji cha taasisi za Ulaya, yaani Tume ya Ulaya kule Schuman na Bunge la Ulaya hapa Place du Luxembourg. Ukitoka Bungeni ukatembea dakika kumi na kitu kuelekea Chaussée de Wavre, umeingia Matonge, mtaa wa Wakongo, na huko utasikia Kilingala na Kiswahili cha Bukavu kuliko Kifaransa. Huku zinaandikwa sheria zinazosema chakula kisitangazwe kwamba kinatibu ugonjwa. Kule, na si kwa Wakongo peke yao, maana hata maduka ya afya ya Wabelgiji wenyewe ni yale yale, rafu zimejaa manjano, mlonge, mwarobaini, habasoda na chai ya kijani. Chupa haisemi "inatibu saratani". Muuzaji ndiye anayesema, kwa mdomo, na mdomo hauna lebo.

Sasa tuingie kwenye sayansi yenyewe. Neno ni epijenetiki, na sisi tuliosoma chuoni tukiwa watoto tuna njia nyepesi ya kulielewa kuliko wanafunzi wangu wa hapa. Chukua hati za Kiarabu. Andika kafu na te bila irabu. Je, umeandika kata, kiti, keti au kuta? Herufi ni zile zile. Alama ndogo za juu na chini ndizo zinazoamua lisomeke nini. DNA ni herufi. Seli ya pafu na seli ya ini zina herufi zile zile, lakini zinasomwa tofauti kwa sababu ya alama zilizowekwa juu yake. Alama moja kubwa inaitwa methili, kikemikali kidogo sana kinachobandikwa kwenye DNA, na kazi yake inafanana na sukuni: herufi ipo, sauti haitoki. Jeni iliyobandikwa methili nyingi kwenye mlango wake hunyamaza. Kinachobandika ni vimeng'enya viitwavyo DNMT. Njia ya pili ni ya kukaza. DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni kama uzi kwenye kibiringo. Ukikazwa hausomeki, ukilegezwa unasomeka. Vimeng'enya viitwavyo HDAC ni miongoni mwa vinavyokaza.

Saratani ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi kuliko saratani nyingine zote. Kwa mwaka 2022 wagonjwa wapya walikadiriwa milioni 2.5 duniani, na waliofariki milioni 1.8. Moshi wa sigara huharibu herufi, hilo tunalijua siku nyingi. Lakini huvuruga alama vilevile. Jeni iitwayo p16, ambayo ni breki ya seli isigawanyike ovyo, hukutwa imetiwa sukuni katika saratani nyingi za mapafu, na mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba alama hizo zinaweza kuonekana kwenye makohozi ya mvutaji hadi miaka 3 kabla daktari hajauona ugonjwa. Na alama hufutika. Uchunguzi wa mwaka 2016, wa damu ya watu karibu 16,000, uliona kwamba sehemu kubwa ya alama zilizovurugwa na sigara zilirudi kuwa kama za asiyevuta ndani ya miaka 5 hivi ya kuacha, ingawa chache zilikuwa bado zipo hata baada ya miaka 30. Hapa ndipo tumaini lote la epijenetiki lilipo: herufi iliyoharibika ni vigumu kuirudisha, lakini alama inaweza kufutwa. Basi kwa nini tusitafute dawa ya kuifuta?

Na mimea ikaingia hapo. Mwaka 2003 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba EGCG, kikemikali kikuu cha chai ya kijani, kinaziba kimeng'enya cha DNMT na kuziamsha jeni zilizonyamazishwa, p16 ikiwemo, katika seli za saratani zilizooteshwa maabara. Baada ya hapo ikawa mvua ya makala. Kurkumini ya manjano, salforafeni ya brokoli, resveratroli ya zabibu, jenisteini ya soya, thaimokwinoni ya habasoda: kila kimoja kimetajwa mahali fulani kwamba kinagusa DNMT au HDAC au vyote viwili, na seli za saratani ya mapafu ni miongoni mwa zilizojaribiwa. Sisemi kwamba kazi hizi ni za uongo. Nyingi ni za kweli kwa kadiri ya zinavyosema. Tatizo ni kile zisichosema.

Kwanza ni kipimo. Katika kibakuli, mtafiti humwaga kurkumini mikromola kumi, ishirini, hamsini, seli zikaogelea humo siku mbili tatu. Mwilini manjano hayafiki huko. Utumbo unanyonya kidogo, na kidogo hicho ini linakikamata na kukigeuza mara moja. Huko Leicester, Uingereza, wagonjwa walipewa gramu 3.6 za kurkumini kila siku, na hiyo ni kurkumini iliyotolewa, si unga wa bizari ambao kurkumini yake ni asilimia chache tu. Kilichokutwa kwenye damu kilikuwa nanomola 11 hivi. Fanyeni hesabu wenyewe: mikromola kumi ni nanomola elfu kumi. Yaani kibakuli kilipata karibu mara elfu ya kile alichopata mgonjwa. Chai ya kijani ni hivyo hivyo. Jaribio la 2003 lilitumia mikromola 5 hadi 50, na mnywaji wa vikombe vyake vichache haifikii hata mikromola moja.

Tena kurkumini ina ujanja wake. Ina rangi, inang'aa, inashikamana na protini za kila namna, kwa hiyo inavidanganya vipimo vya maabara vionekane vimepata jibu. Mwaka 2017 wanakemia wa dawa walipitia rundo zima la utafiti wake, majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu yakiwemo, wakahitimisha kwamba hakuna hata moja lililofanywa kwa upofu wa pande mbili na kundi la kulinganisha ambalo lilifaulu. Si la saratani tu, la ugonjwa wowote.

Mtu ataniambia: basi ongeza dozi. Hapo tunarudi mtaani kwetu Schuman. Mwaka 2018 mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, EFSA, ilichunguza chai ya kijani ikaona kwamba kikombe cha kawaida hakina neno, lakini vidonge vinavyompa mtu miligramu 800 za EGCG au zaidi kwa siku vinaambatana na dalili za kuumia ini. Tume ya Ulaya ikatoa kanuni namba 2022/2340 mwishoni mwa mwaka 2022: vidonge vibaki chini ya miligramu 800 kwa siku, na lebo iseme visitumiwe na wajawazito, wanaonyonyesha wala walio chini ya miaka 18, na visimezwe tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo kabla hujakaribia kiasi kinachofanya kazi kwenye kibakuli, ini limeshapiga kelele. Kuhusu manjano, dawa za mitishamba za Ulaya zinayatambua kwa tumbo kujaa na kusaga chakula polepole. Ndivyo bibi zetu walivyojua, na bila Kamati.

(Ni haki niseme pia kwamba Brussels haijamaliza kazi yake. Madai ya kiafya zaidi ya 2,000 kuhusu mimea yaliwekwa kando mwaka 2010 yasubiri uamuzi, na ucheleweshaji huo umewapa wafanyabiashara miaka mingi ya kucheza kwenye kivuli.)

Pili ni shabaha. Ukifuta sukuni, unafuta zipi? Alama zimo katika jeni zote, na nyingine zimewekwa kwa faida, kunyamazisha kile ambacho kingeleta madhara. Katika hati, ukifuta sukuni zote kwenye ukurasa ili urekebishe neno moja, ukurasa mzima hausomeki.

Dawa halisi za epijenetiki zipo, na zimekwisha jaribiwa kwenye kifua. Azasitidini, inayofuta methili, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004, lakini kwa ugonjwa wa uboho, si mapafu. Mwaka 2011 madaktari wa Johns Hopkins waliiunganisha na dawa nyingine inayoziba HDAC wakawapa wagonjwa 45 wa saratani ya mapafu iliyoshindikana. Mmoja uvimbe ulitoweka kabisa, mmoja ulipungua sana. Wawili kati ya 45. Lilikuwa jambo la kutia moyo kwa watafiti, wala sidharau, lakini hadi leo si Ulaya wala Marekani iliyoidhinisha dawa ya kundi hilo kwa saratani ya mapafu.

Jaribio la pili linagusa kitongoji chetu kwa namna ya pekee. Jengo kubwa la Tume, Berlaymont, lilihamwa mwaka 1991 kwa sababu ya asbesto iliyopakwa ndani yake, na Tume haikurudi humo hadi 2004. Asbesto huleta saratani ya mapafu, na huleta pia mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, ambayo hujitokeza miaka thelathini, arobaini baadaye. Mesothelioma mara nyingi huwa imepoteza jeni BAP1, ambayo kazi yake mojawapo ni kuhudumia histoni, kwa hiyo wengi walitarajia kwamba kama kuna mahali dawa ya HDAC itafaa, ni hapo. Vorinostati ilijaribiwa kwa wagonjwa 661 katika nchi nyingi, matokeo yakatoka 2015. Waliopewa dawa waliishi wastani wa wiki 30.7, waliopewa kidonge kitupu wiki 27.1, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Hii ni dawa iliyotengenezwa makusudi, inayofika kwenye damu, inayoziba HDAC kwelikweli. Sasa mtu aniambie kijiko cha bizari kitafanya nini ambacho hiyo ilishindwa.

Msinielewe vibaya. Sipendi dharau ya baadhi ya wenzangu wa vyuo vya huku ambao wakisikia "mti" wanacheka. Wodi za saratani ya mapafu zimejaa mimea! Vinorelbini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1994, asili yake ni lile ua dogo la Madagaska, la waridi au jeupe, linaloota hata kwenye nyufa za kuta za kwetu. Paklitakseli ilitoka kwenye gome la mti wa Marekani Magharibi, etoposaidi kwenye mzizi wa mmea mwingine. Ila tazameni: hakuna hata moja inayofanya kazi kwa njia ya epijenetiki. Zinaizuia seli isigawanyike, basi. Na hakuna anayetafuna ua. Kikemikali kilitolewa, kikapimwa, kikabadilishwa, kikadungwa kwenye mshipa kwa miligramu zilizohesabiwa.

Mfano wa kwetu ni Shimba Hills, nyuma ya Kwale. Miaka ya 1970 taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilikusanya humo zaidi ya tani 27 za mmea uitwao Maytenus buchananii, ili kupata maitansini, kikemikali alichokitenga Kupchan na wenzake wakakitangaza mwaka 1972. Walipokipa wagonjwa, kilikuwa sumu kali bila faida ya kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yakasimama. Kikakaa kabatini. Baadaye wanakemia wakakifunga kwenye kingamwili inayokipeleka moja kwa moja hadi kwenye seli ya saratani, na mwaka 2013 ikaruhusiwa kama dawa ya aina moja ya saratani ya matiti. Miaka 41! Na kufikia hapo malighafi ilikuwa ikitoka kwa bakteria wanaofugwa kwenye matangi, mti wa Kwale hauhitajiki tena. Wadigo wanaoizunguka misitu ile walipata nini, mnaweza kukisia. Mkataba wa Nagoya wa kugawana faida ulikubaliwa 2010 na kuanza kutumika 2014, na Ulaya ikautungia kanuni yake namba 511/2014, hapa hapa Brussels. Kwa Shimba Hills ulichelewa.

Mimi mjadala huo wa faida ningependa tuuendeleze siku nyingine. Leo naogopa jambo jingine, nalo ni mgonjwa anayekaa kati ya pande mbili.

Hatari ya kwanza mnaikumbuka. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Kwa saratani ya mapafu, miezi mitatu ya kujaribu kwanza majani inaweza kuwa tofauti kati ya uvimbe unaokatika na usiokatika.

Hatari ya pili ni kudhani kwamba cha asili hakidhuru. Wavutaji wa Finland 29,133 walishirikishwa katika jaribio la vitamini. Waliopewa beta-karotini, ile ile ya karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Hayo yalitangazwa 1994. Jaribio la Marekani lililofuata lilisimamishwa kabla ya wakati, mwaka 1996, maana ongezeko lilikuwa asilimia 28. Karoti haikuwa na kosa, kidonge ndicho.

Hatari ya tatu ni kuchanganya. Dawa nyingi za kumeza za saratani ya mapafu, kama erlotinibu na osimertinibu, huvunjwa ini na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Mmea unaokichochea, kama ule uitwao hapa millepertuis, huishusha dawa kwenye damu isifike kipimo. Mmea unaokizuia huipandisha hadi sumu. Vidonge vya manjano vya siku hizi huongezwa piperini ya pilipili manga makusudi ili ini lisivunje kurkumini haraka; lakini ini halichagui, likizubaa kwa manjano linaweza kuzubaa kwa dawa pia. Bizari kwenye mchuzi sina neno nayo, kuleni. Nasema vidonge.

Ushauri wangu basi: mwambieni daktari, na mwambieni kwa jina. Wagonjwa wetu wengi hunyamaza wakiogopa kuchekwa, au husema "ni chai tu ya kwetu". Daktari wa Brussels hajui mlonge ni kitu gani. Mwandikieni Moringa oleifera. Manjano ni Curcuma longa, mwarobaini Azadirachta indica, habasoda Nigella sativa, chai Camellia sinensis. Mkiweza, bebeni chupa yenyewe, maana kilichomo na kilichoandikwa si lazima viwe kimoja.

Jiji hili linalijua hilo kuliko jiji lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja ya Brussels walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania. Kilichoingia ni Aristolochia, kwa sababu majina yao ya Kichina yanafanana, mmoja fangji na mwingine fangji pia, tofauti ni neno la mbele. Makumi yao waliharibika figo moja kwa moja. Joëlle Nortier na wenzake wa Université Libre de Bruxelles waliwachunguza 39 waliokubali kutolewa figo na mirija iliyokwisha kufa, na 18 kati yao walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. Waliandika hayo mwaka 2000. Asidi ya Aristolochia haigusi irabu. Inajibandika kwenye herufi yenyewe na kuiacha imebadilika, na alama yake inasomeka kwenye DNA ya uvimbe miaka mingi baada ya kidonge cha mwisho.